Krismasi ya kwanza ya mtoto: twende Busia kwa mume ama Koboko kwetu?

mama_kireka

Habari zenu wapendwa. Naombeni mnisaidie mawazo juu hii kitu imeninyima usingizi kuliko hata mtoto mwenyewe.

Tunaishi Kireka. Mimi ni wa Koboko, baba mtoto ni Msamia wa Busia, na nyumbani tunaongea Kiswahili tu juu lugha zetu hazikutani mahali popote. Mungu alitupa kijana mwezi wa nane, kwa hiyo tarehe 25 atakuwa na miezi minne na siku chache. Ni Krismasi yake ya kwanza na ni yetu ya kwanza kuitwa baba na mama, nimeingoja sana, miaka mitatu tulikuwa tunaomba huyu mtoto.

Sasa Busia wanatungoja. Mama mkwe hajamwona mjukuu isipokuwa kwa simu, kila jioni anapiga, anaongea na mtoto Kisamia mpaka salio linaisha, ameshanunua jogoo wawili na anasema lazima ukoo wote umwone siku ya Krismasi baada ya kanisa. Koboko nako kuna jaja yangu, mama wa mama, ndiye alinilea tangu nikiwa na miaka minne. Macho yake hayaoni tena na mwaka huu amelala hospitalini mara mbili. Mama yangu alikuja Kireka nilipojifungua, akakaa mwezi mzima, akanikanda, akarudi, lakini jaja hawezi kupanda bas. Anauliza kila siku "mwanangu analetwa lini". Nikimfikiria machozi yananitoka, sisemi uongo.

Kwenda kote wakati mmoja haiwezekani. Busia ni kama kilomita 200, Koboko ni zaidi ya 500, na hizi siku nauli zinapanda ovyo. Alafu kitu kingine, mume wangu bado hajamaliza mambo ya wazee kwetu. Alikuja mara moja akajitambulisha kwa mjomba, basi, kuku na soda, lakini introdakshen yenyewe, ile sherehe ya mwanaume kutambulishwa rasmi kwa ukoo wa mke, hatujafanya.

Na jambo la tatu, hili ndilo linanitia woga kabisa. Mtoto ananyonya tu, hajaonja hata maji. Nawajua watu wetu, pande zote mbili, mtoto akilia wanasema ana kiu, wanampa maji, mwingine anamlambisha soda kwa kidole, mwingine uji. Namwambiaje mama mkwe asimpe kitu bila aone kama namdharau? Sijawahi kukaa kwake zaidi ya siku mbili. Nisaidieni tafadhali.

nyabo_wa_Tororo

Hongera sana mama, miaka mitatu si mchezo, Mungu amtunze huyo kijana.

Mimi nimelea watano na nimekuwa mukamwana (mke wa mwana) miaka kumi na nane, kwa hiyo nikuambie ya mama mkwe kwanza, hayo ya safari wengine watasema. Usimwambie wewe. Narudia, maneno ya kukataza yasitoke kwenye mdomo wako, hata useme kwa upole namna gani yatasikika "mtoto wa watu wa mbali anatufundisha kulea". Mwache mume wako ampigie mama yake sasa hivi, wiki mbili kabla, si mkifika pale watu wamejaa. Amwambie, mama, daktari amesema huyu mtoto ni maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, na mimi nakuachia wewe kazi ya kumlinda kwa hao watu wote. Umesikia hapo? Mpeni KAZI. Mama mkwe wangu alinielewa kwa mara ya kwanza siku nilipompa kazi. Mtoto wangu wa pili nilimkuta senga (shangazi) mmoja anamtafunia kiazi, nikanyamaza nikamwangalia tu mama mkwe, yeye mwenyewe alinyanyuka akamnyang'anya mtoto, akasema huyu ni wangu hakuna mtu anamlisha hapa. Siku hiyo nililala usingizi mzuri.

Alafu ukifika usiwe mtu wa kukaa na mtoto chumbani umefunga mlango. Mpe mama mkwe mtoto akiwa ameshiba, mara tu umemnyonyesha, mkalishe kwenye mkeka, weka mtoto mikononi, wewe nenda ukamenye matoke na wenzako. Akilia ataletwa tu. Mtoto aliyeshiba halii ovyo na mtoto asiyelia hapewi maji.

Beba sukari, sabuni ya mche, majani ya chai, mkate. Gomesi, lile gauni refu la wamama, ya mama mkwe kama mfuko unaruhusu. Mikono mitupu na mtoto wa kwanza, hapana.

KijanaWaArua

Mimi niko tofauti kidogo na wengi watakaosema nenda kwa mume. Dada yangu, nenda kwa jaja. Jogoo wa Busia watataga (hapana, jogoo hawatagi, lakini umenielewa, wataongezeka), mama mkwe ana nguvu atamwona mjukuu hata Pasaka. Jaja asiyeona na amelazwa mara mbili, huyo hawezi kungoja kalenda. Mimi jaja wangu alifariki tarehe 9 mwezi wa kwanza na mtoto wangu alikuwa Kampala, nilisema nitampeleka Pasaka. Sitaki kuongea mengi hapo.

Lakini huyo bwana asije Koboko hivi hivi. Nyinyi mnajua kwetu, mwanaume amezaa na binti na hajamaliza, akitokea siku ya sikukuu wazee wote wako nyumbani, watakaa chini na atazungumza mpaka jioni, kuna faini na kuna mbuzi, na si vibaya, ndio heshima ya mke wake hiyo. Shida ni kufanya hivyo katikati ya Krismasi mtoto analia na watu wamekunywa. Atume habari mapema kwa mjomba yule aliyemjua, mjomba awaambie wazee. Akija na kitu kidogo mkononi na habari imetangulia, watampokea.

Bas kama mtapanda, kateni tiketi mapema, msingoje tarehe 23 kwenda kusukumana kwenye stendi ya Arua Park na mtoto mgongoni. Na mchukue ya mchana. Viti vya katikati, si vya nyuma juu ya tairi, kule nyuma baada ya Karuma mtoto anarushwa kama mahindi.

baba_pacha

Kwa nini msikae Kireka? Naongea kwa upendo kabisa. Sisi mapacha walikuwa na miezi mitatu tukabaki nyumbani, tukapika wali na kuku wetu, tukaenda kanisa la karibu, tukalala mchana. Ndiyo Krismasi niliyofurahi kuliko zote juu mke wangu alipumzika. Bajeti ya nauli nikatuma kwa wazee kwa mobail mani, wakanunua nyama, wakatuombea kwa simu. Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita naye ni mtu, hamsemi yeye anataka nini.

nyabo_wa_Tororo

@baba_pacha hiyo ni kweli mwanangu na mke wako ana bahati. Lakini soma tena alichoandika, huyu mama anataka kwenda. Anauliza wapi, haulizi kama aende.

mama_kireka

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili, moja nimemsomea baba mtoto kwa sauti (ya KijanaWaArua), akanyamaza muda mrefu. Pole sana ndugu kwa jaja wako.

@baba_pacha Mungu awabariki, ila nyabo amenisoma. Mimi nilikulia mikononi kwa watu wengi, nataka mtoto wangu abebwe na watu wengi. Ndio maana naogopa hivi.

Swali lingine, nimeona soko la Owino zile nguo nyekundu za Krismasi zenye manyoya meupe, mtoto anapendeza mbaya. Ninunue? Na kuna mkunga humu? Joto la huko na mbu nisaidieni.

mkunga_Teso

Nipo mama. Niko kituo cha afya cha daraja la 3 huku Teso, Krismasi nyingi nimezipitisha zamu, kwa hiyo nakuambia ninachokiona kila tarehe 26, 27 na 28 watoto wa Kampala wakiletwa.

Wanaletwa kwa mambo matatu. La kwanza kuhara, na ukiuliza vizuri unakuta mtoto wa miezi mitatu minne amepewa maji, juisi, supu ya kuku. Nyabo wa Tororo amesema vyote, mimi naongeza tu kwamba maziwa yako yana maji ya kutosha hata jua likiwa kali kiasi gani, ukiona joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi na wewe mama ndiye unywe maji mengi. Asali pia hapana, hiyo ni mpaka afikishe mwaka. Wazee wengi wanaona asali ni dawa na haina shida, kwa mtoto mchanga ina shida.

La pili malaria. Mtoto wa Kampala anakuja kijijini, usiku watu wako nje wanaota moto na kupiga hadithi, mtoto yuko mapajani mbu wanakula. Beba neti yenu yenye dawa kutoka nyumbani, usitegemee kuikuta, na beba kamba na misumari miwili ya kuifungia. Ikifika saa kumi na mbili jioni mtoto awe amefunikwa mikono na miguu, na akilala alale ndani ya neti hata kama nyinyi mko nje. Kuna chanjo ya malaria sasa, Uganda ilizinduliwa Apac mwezi wa nne 2025, lakini dozi ya kwanza ni miezi sita, kisha saba, nane, na ya nne miezi kumi na nane, na inatolewa kwenye wilaya zenye malaria nyingi. Kwa hiyo huyu wako Krismasi hii bado, hana kinga nyingine ila neti. Mwezi wa pili ulizeni kituoni. Zile za wiki 6, 10 na 14 natumaini amemaliza? Kadi ya chanjo usiiache Kireka, iweke kwenye mkoba pamoja na pampasi, ndiyo kitu cha kwanza nitakuuliza ukija kwangu usiku.

La tatu linaniumiza. Mtoto anapata homa au anahara, mtu anamfunua mdomo anasema ana ebiino, huku kwetu na kaskazini wana majina yao, kwamba kuna meno mabaya kwenye ufizi lazima yang'olewe. Wanakwangua ufizi kwa kitu chochote, spoku ya baiskeli nimeona. Mama sikiliza, hakuna ugonjwa kama huo. Kile cheupe kwenye ufizi ni jino lake la kawaida linasubiri kuota. Nimepokea watoto wamepoteza damu, wengine kidonda kimeoza. Akipata homa usimpe mtu yeyote amwangalie mdomoni, mlete kituoni apimwe malaria kwa kile kipimo cha tone la damu, dakika chache majibu yanatoka. Kama hujui njia uliza VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, kila mtu anamjua. Mtoto mdogo hivi homa haingoji kesho.

Nguo ya manyoya usinunue kwa ajili ya kuvaa kutwa. Ni nailoni tupu, atatoka vipele. Mvalishe dakika kumi za picha kanisani kisha umvalishe pamba nyepesi.

Na watu wenye mafua wasimbusu usoni. Waambie wambusu miguu, wazee wanapenda sana miguu ya mtoto, hawakasiriki.

KijanaWaArua

Mkunga ubarikiwe. Hiyo ya miguu nimeichukua.

mukamwana_Bugiri

Naongeza kidogo, barabara ya Jinja msitoke Kampala tarehe 24. Mwaka juzi tulikaa foleni Mukono mpaka Namawojjolo masaa, watu wananunua kuku wa kuchoma na gonja madirishani mtoto anapumua moshi. Tokeni tarehe 20 au 21, saa kumi na moja alfajiri, saa nne mko Iganga mnakunywa chai.

mama_kireka

Tumekaa jana usiku tukaongea mpaka saa sita. Tumeamua hivi. Krismasi tunaenda Busia, tunatoka tarehe 20 alfajiri, tunarudi tarehe 27. Mume wangu amempigia mama yake mbele yangu, amemwambia vile nyabo alisema, kwamba yeye ndiye mlinzi. Mama mkwe akauliza "hata maji?" akajibiwa hata maji. Akanyamaza, akasema "kale, basi mimi nitakaa na fimbo."

Koboko tunaenda mwezi wa kwanza nauli zikishuka, na mume wangu amempigia mjomba mwenyewe, si mimi. Nimempigia jaja pia. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu ni wiki ngapi, nikamwambia tatu baada ya Krismasi, akasema sawa, atakula vizuri ili afike. Naombeni mumwombee.

nyabo_wa_Tororo

Tunaomba. Utuambie mkifika.

mama_kireka

Wapendwa nimerudi, samahani nimekaa kimya, mtandao huku unakuja na kuondoka. Niko Koboko naandika chini ya mwembe, mtoto amelala.

Busia ilikuwa nzuri kuliko nilivyoomba. Tulikuta watu kama arobaini siku ya Krismasi. Mtoto alipita mikononi mwa kila mtu, mimi nilimnyonyesha kila baada ya muda, chumba cha mama mkwe, neti imefungwa kwa misumari yenu ile miwili. Saa tisa hivi shangazi mmoja alichovya kidole kwenye soda ya machungwa, kabla hajafika mdomoni mama mkwe alikuwa ameshashika ule mkono, akasema kwa Kisamia kitu ambacho sikukielewa, watu wote wakacheka na shangazi pia, akapangusa kidole kwenye gomesi. Nilimuuliza baadaye alisema nini. Akasema, "nimemwambia huyu ana mwenyewe." Usiku aliniita jikoni akanipa firigisi ya jogoo, ile ya mwenye nyumba, akasema kula, wewe ndiye unamlisha mjukuu wangu. Sikujua niseme nini, nililia nikala.

Homa hakupata. Vipele kidogo shingoni, nilimvalisha ile nyekundu muda mrefu kuliko dakika kumi, mkunga unisamehe.

Tumefika Koboko juzi jioni. Wazee walikaa na mume wangu jana, mambo yamepangwa, mwezi wa nane tutafanya introdakshen vizuri. Mjomba alimsindikiza kila mahali.

Jaja alikuwa kwenye mkeka mlangoni, wamemvalisha kitenge kipya. Nilipopita kwenda kwake nikaona kuku jike amefungwa kamba mguuni chini ya ghala, nikamuuliza mama, huyu wa nini. Mama akasema ni wa Krismasi. Tarehe 25 jaja alikataa achinjwe, akasema Krismasi yake bado iko njiani, wao wakala maharage na yeye akala nao.

Nikamweka mtoto mapajani mwake. Hakusema kitu. Akamshika miguu kwanza, kidole kimoja kimoja, akapanda magoti, tumbo, mikono, akafika kichwani. Akashika masikio, akayapapasa pale juu pembeni mara nyingi sana, vile wazee wanavyotafuta rangi ya mtoto, na yeye haoni. Nikamwambia jaja nikuambie rangi? Akasema, nyamaza, najua. Mtoto akashika kidole chake na hakukiachia.

Kuku amechinjwa leo asubuhi.